Kiarabu Kisichosemwa: Mwanafunzi Wetu na Haja ya Mtu wa Kuzungumza Naye

Ndugu msomaji, wamejaa katika miji yetu vijana waliomaliza thanawi katika madrasa, waliohifadhi Al-Ajurrumiyya kwa moyo, wanaoweza kukueleza tofauti ya faili na naibu faili bila kufungua kitabu. Lakini mgeni kutoka Yemen akiwauliza njia ya kwenda kituo cha mabasi, baada ya salamu na kujuliana hali ulimi huwakauka. Kijana anayaelewa maneno yote ya mgeni na jibu analo moyoni, ila halitoki. Wengine hukaa miaka kumi katika hali hiyo, mwishowe wakaamini kwamba Kiarabu ni lugha ya kusomwa tu.

Sababu yake iko wazi. Mitaala ya madrasa nyingi imejengwa juu ya kusoma, kutafsiri na kuirabu, na darasa lenye wanafunzi hamsini haliwezi kumpa kila mmoja hata dakika mbili za kusema. Anachokosa kijana huyu ni mtu wa kuzungumza naye, tena mtu ambaye hawezi kumkimbilia kwa Kiswahili pindi neno linapomponyoka.

Wanazuoni wa lugha walilijua jambo hili tangu zamani. Sibawayhi, imamu wa nahau, asili yake ni Mfursi, na Kiarabu alikisomea Basra, mji ambao soko lake la Mirbad lilikuwa makutano ya mabedui na watu wa lugha. Imepokewa kuwa Imamu Shafii katika ujana wake alikaa na kabila la Hudhayl akijifunza ufasaha wao. Na imepokewa kuwa Al-Kisai alimuuliza Al-Khalil elimu yake ameipata wapi, akajibiwa kuwa ni katika majangwa ya Hijazi, Najdi na Tihama. Naye akafunga safari kwenda huko kusikiliza. Hawa ndio waliotuandikia kanuni, na kanuni zenyewe walizitoa vinywani mwa watu.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki njia ya kupata mazungumzo ilikuwa safari vilevile. Waliobahatika walikwenda Al-Azhar, au Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilichoanzishwa mwaka 1961, au Khartoum. Lakini nafasi za ufadhili ni chache, na za mabanati ni chache zaidi. Kisha vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 vikawatawanya wanafunzi na walimu wa Khartoum, mji uliokuwa karibu nasi kwa masafa na kwa tabia. Ikiwa safari ndiyo njia pekee, basi wengi wa wanafunzi wetu watakufa bila kukisema Kiarabu.

Leo iko njia nyingine, nayo ni intaneti. Zipo programu za simu, kama HelloTalk na Tandem, zinazomkutanisha anayetaka kujifunza lugha fulani na mwenye lugha hiyo. Wawili hao huandikiana, hutumiana sauti, husahihishana sentensi, na wakizoeana huzungumza. Makka, Madina na Sanaa saa zao ni sawa na zetu, na Maskati imetutangulia kwa saa moja tu. Kwa hiyo kipindi cha baada ya Isha kinawafaa wa huku na wa kule. Mazungumzo ya sauti bila picha hayali fedha nyingi, na ujumbe wa sauti unaweza kusikilizwa mara tatu mpaka ueleweke.

Huenda msomaji akauliza: Mwarabu atapata nini kwa kijana wa Tanga au Mombasa mpaka ampe saa yake? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Misingi ya kujifunza kwa kubadilishana lugha imekwisha kuwekwa. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Bochum, Ujerumani, kilikuwa kitovu cha mtandao wa kuwaunganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali kwa barua pepe, na msingi wake mkubwa ulikuwa kupeana: kila mmoja atoe kwa kadiri anayopokea. Mtu asiende mikono mitupu.

Nasi mikono yetu si mitupu, tuna Kiswahili. Baada ya mwaka 1970 familia nyingi za Kiomani zilizoishi Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki zilihamia Oman, na lugha yetu wakaenda nayo. Wako miongoni mwa wajukuu wao wanaowasikia bibi zao wakizungumza Kiswahili, na kujibu hawawezi. Binti wa Maskati anayetamani kuzungumza na bibi yake na binti wa Pemba anayetamani kukisema Kiarabu kila mmoja ana haja ya mwenzake. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Haifai mwenye lugha kama hii aende kwa wengine kama mwombaji. Nusu saa ya Kiarabu kwa nusu saa ya Kiswahili: hiyo ni biashara ya haki, na kila upande ulipe deni lake.

Na ajuaye kuwa mazungumzo ni kazi hatoyadharau. Mwaka 2015 taasisi ya NaTakallam ilianza kwa kuwalipa wakimbizi wa Syria ili wazungumze Kiarabu na wanafunzi wa nchi nyingine. Mwenye uwezo wa kumlipa mtu wa namna hiyo amlipe. Amejipatia lugha na amemsaidia aliyepotelewa na nyumba.

Hata hivyo yako mambo ya kuchunga. La kwanza, Mwarabu wa Kairo au Casablanca nyumbani hazungumzi Kiarabu cha vitabuni, bali lahaja ya mtaa wake. Asiyeweka sharti la fus-ha mapema atarudi na maneno yasiyopatikana katika kitabu chochote alichokisoma. Basi kwanza waafikiane, na wawe na mada: leo soko, wiki ijayo ugonjwa na dawa, kisha habari ya gazeti. Kila sahihisho liandikwe daftarini.

La pili, kuwa na lugha si kuwa na elimu ya dini. Huyu ni mshirika wa mazungumzo, hakuwa mufti kwa sababu amezaliwa Amman. Wala asikataliwe kwa kuwa si Muislamu: kamusi ya Al-Munjid, tunayoifungua kila siku madrasani, mtungaji wake ni Louis Ma'luf, padri Mjesuiti wa Lebanon, nayo ilitoka mwaka 1908.

La tatu ni adabu. Wanaume wazungumze na wanaume, na wanawake na wanawake. Picha zisitumwe, anwani ya nyumba isitolewe, na anayeanza kuomba au kuahidi fedha aachwe siku hiyohiyo. Watoto wasiachwe humo peke yao.

Twajua wapo walimu wenzetu watakaosema kuwa simu ni mlango wa fitina, na heri ufungwe. Hofu yao ina msingi, lakini simu imekwisha kuingia mifukoni mwa wanafunzi. Kijana akijua kwamba madrasa imelikataa jambo hili, atalitafuta peke yake, usiku wa manane, bila wa kumwongoza. Tunachopendekeza ni kila madrasa itenge saa moja kwa wiki: wanafunzi watatu au wanne wakizunguka simu moja, mwalimu akiwapo, na upande wa pili mshirika anayejulikana. Wapo wahitimu wetu wanaoishi Madina na Maskati. Wao wawe madalali wa kheri wa kututafutia watu waaminifu. Gharama yake haifiki bei ya kitabu kimoja kwa mwezi.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa anayejifunza lugha mambo ni kinyume, maana asiyekubali kujikwaa ulimi hafiki popote. Ajikwae mbele ya mwenzake mvumilivu leo, ili kesho aweze kusimama mbele ya watu bila kubabaika. Tunawaomba walimu na wazazi walizingatie jambo hili kabla ya muhula mpya kuanza.

Wabillahi tawfiq.