Mtuhumiwa apimwe, lakini majibu yake yasisubiriwe

Binti akibakwa, swali la kwanza nyumbani huwa hili: huyo mwanamume ana UKIMWI au hana? Na wengi hudai apimwe papo hapo, kwa nguvu ikibidi.

Kisheria kupima VVU ni hiari. Lakini Sheria ya UKIMWI ya Tanzania, Na. 28 ya mwaka 2008, katika kifungu cha 15, imewatoa wachache katika hiari hiyo, wakiwemo wakosaji wa makosa ya kujamiiana na aliyeamriwa na mahakama. Kenya nayo, sheria yake ya mwaka 2006 inaruhusu anayeshitakiwa kwa kosa la namna hiyo alazimishwe kupimwa.

Mimi naliunga mkono jambo hili. Ni kweli tuhuma si hukumu, na kumzulia mtu zinaa ni katika madhambi makubwa. Lakini tone la damu kwa amri ya hakimu si adhabu, na dhiki ya aliyebakwa ni kubwa zaidi. Sharti ni kuwa majibu yawe siri, yasitembezwe mtaani wala barazani. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 2007, aliyebakwa anaweza kuomba amri ya mtuhumiwa kupimwa ndani ya siku 90, na majibu hupewa yeye na mtuhumiwa. Nasi tungefaidika kuwa na utaratibu wa wazi namna hiyo.

Wala majibu si ushahidi wa kubaka. Mwenye virusi huenda hakubaka, na aliyebaka huenda hana virusi.

Sasa tazama saa. Dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Humezwa siku 28 bila kukatiza. Piga hesabu mwenyewe: tukio Ijumaa usiku, mtuhumiwa akamatwe Jumapili, hakimu aonekane Jumatatu. Ukisubiri kipimo chake, muda umekwisha! Isitoshe, aliyeambukizwa wiki mbili tu zilizopita anaweza kuonekana hana virusi, ilhali anaambukiza vikali. Basi hata majibu yake yakiwa mazuri, usimwachishe binti dawa mpaka daktari aseme.

Liko na suala la maji, ambalo sisi Waislamu hutukuta zaidi. Mama kwa uchungu humkimbiza mwanawe bafuni akoge janaba na nguo zifuliwe. Subira mama. Kuoga huondoa ushahidi, wala hakuoshi virusi vilivyokwisha ingia. Aende kwanza hospitali kama alivyo, nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huziozesha. Akishachunguzwa ataoga. Ikiwa wakati wa sala unabana, aulizwe sheikh juu ya kutayamamu.

Fomu ya PF3 ichukuliwe polisi, na penye Dawati la Jinsia na Watoto aelezwe askari wa hapo. Anayekwenda polisi awe ndugu mwingine, binti awe tayari kwa daktari. Na daktari aulizwe pia juu ya mimba, kaswende na homa ya ini, na tarehe ya kurudi kupima tena.