Gesi ya Songo Songo Iyafikie Magari Yetu

Tangu mwaka 1974, ilipogunduliwa gesi asilia kisiwani Songo Songo, huko Kilwa, na tangu mwaka 2004, ilipoanza kuletwa Dar es Salaam kwa bomba ili kuendesha mitambo ya umeme, taifa letu halina udhuru wa kusema kuwa halikujaaliwa nishati. Ilhali petroli na dizeli ziendeshazo daladala, malori na bajaji zetu huletwa zote kwa meli kutoka ng'ambo, nasi huzilipia kwa fedha za kigeni zilizochumwa kwa jasho la wakulima wa korosho, kahawa na pamba.

Dereva wa bajaji aliyefunga mtungi wa gesi ili aendeshe chombo chake kwa gesi badala ya petroli aijua nafuu yake kwa hesabu ya kila jioni, wala hahitaji mtaalamu wa kumthibitishia. Lakini mtazameni alfajiri kwenye kituo cha kujazia gesi: amezima injini, anaisukuma bajaji kwa mikono kila foleni inaposogea, abiria wake wa asubuhi wamekwishachukuliwa na wengine, na pengine zamu yake hufika msukumo wa gesi umeshuka, mtungi usijae. Saa hizo ni riziki ya watoto wake. Mwenziwe wa mkoani, aliye mbali na bomba, aghalabu hata foleni hiyo haipati.

Wala tusidhani kwamba Serikali haina uwezo. Juni 2022, mafuta yalipopanda bei duniani, ilitoa shilingi bilioni 100 za ruzuku, nasi tulishukuru kwa dhati. Lakini ruzuku ya mafuta huteketea pamoja na mafuta yenyewe, na kituo cha gesi kikijengwa hubaki.

Kwa hiyo nawasihi, enyi vyama vya madereva, wenye magari na sisi abiria, tuandike hoja moja na kuitia saini: vituo viongezwe, na malori yapeleke gesi kusikofika bomba; dereva, ambaye mara nyingi chombo si chake, apewe mkopo wa masharti nafuu wa kufunga mfumo wa gesi, aulipe kidogo kidogo kwa kile anachookoa; na mitungi ikaguliwe bila muhali, maana gesi hushindiliwa humo kwa kanieneo ya takriban mara 200 ya hewa ya kawaida, na mtungi wa bandia ni mauti. Bunge la bajeti huanza Aprili. Saini zetu na ziwe mikononi mwa wabunge kabla hawajaondoka majimboni kwenda Dodoma.