Utando wa Ulimi Si Aibu

Naomba niseme neno juu ya kinywa, kwani muhula huu kinywa cha mwenzetu mmoja kilisemwa sana bwenini kabla hakijatazamwa na mtu ajuaye.

Mwenzetu huyo ana pumu, naye huvuta dawa kwa pampu asubuhi na jioni. Siku moja ulimi wake ulifanya utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Mara minong'ono ikaanza. Wengine walisema hapigi mswaki. Wengine wakasema ana UKIMWI, wakahamisha vikombe vyao. Nakiri kwamba hata mimi nilihamisha changu. Yeye akaona kuwa pampu ndiyo iliyomletea aibu, akaifungia sandukuni. Usiku mmoja wa baridi pumu ikambana hata tukambeba mgongoni kwenda zahanati.

Tabibu alimtibu pumu, kisha akamtazama ulimi, akatueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Utando ule ni kuvu aitwaye Candida. Ni wa jamii ya hamira, kama hamira ile ichachushayo mbege yetu ya ndizi na ulezi. Katika watu wazima wenye afya njema, kama thuluthi moja hadi nusu, na pengine zaidi, wanaye kinywani bila kuumwa. Mate, bakteria wengine wa kinywa na kinga ya mwili humzuia asiongezeke. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, huenda sisi tuliocheka tulikuwa naye vilevile!

Kuvu huyu huleta ugonjwa apatapo nafasi. Dawa iliyomo katika baadhi ya pampu za pumu, ikibaki kinywani, hupunguza kinga ya mahali pale. Dawa za kuua bakteria, zikitumiwa ovyo, humwondolea washindani. Kisukari humsaidia, na meno ya bandia yasiyovuliwa usiku humpa makao. Watoto wachanga nao hupata utando huo. Ni kweli kwamba waweza kuwapata wenye UKIMWI pia, lakini hilo hujulikana kwa kupima damu, wala si kwa macho ya bweni zima. Tena virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kikombe.

Wako watakaosema kwamba kuchekwa humfundisha mtu usafi. Mimi sikubali. Mwenzetu alipiga mswaki kuliko sisi sote. Alilokosa ni kuambiwa asukutue kwa maji na kuyatema kila amalizapo kuvuta dawa. Kicheko hakikumfundisha hilo, bali kilikaribia kumwua. Hali kadhalika wako watu wa huku Kilimanjaro wenye meno ya rangi ya kahawia kwa sababu ya maji yenye floraidi nyingi waliyokunywa utotoni. Wakienda mbali huitwa wachafu, na hakuna mswaki uwezao kuyaondoa madoa hayo.

Basi natoa mashauri matatu. Kwanza, walimu wetu watupe dakika kumi baada ya chakula cha jioni twende bombani kupiga mswaki, kwani sasa kengele ya kujisomea hulia tungali na wali kinywani. Pili, wazazi wetu wawakumbushe babu na bibi wenye meno ya bandia kuyavua walalapo, kuyasugua na kuyaweka katika maji safi. Tatu, sisi wanafunzi tukiona utando kinywani mwa mwenzetu, tumsindikize kwa tabibu, wala tusimnong'one. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Lakini waweza kuvunja moyo.

Mwenzetu amekwisha pona kwa dawa ya matone, na pampu yake sasa imo mfukoni. Kikombe changu nimekirudisha karibu na chake, nami nimemwomba radhi.