Ahadi ni Deni: Majina ya Askari wa Keya Yako Wapi?

Barabara ya Haile Selassie huanzia katikati ya jiji la Nairobi, ikaikata Barabara Kuu ya Uhuru na kupanda hadi kilima cha Upper Hill, ambako majumba marefu ya mabenki na makampuni ya bima yamechukua mahali pa nyumba za zamani za maafisa wa reli. Kila abiria anayepanda kilima hicho hulitamka jina la mfalme wa Uhabeshi, awe anamjua au hamjui. Ni wachache mno wanaofahamu kwamba miongoni mwa waliomrejesha mfalme huyo katika kiti chake mwaka wa 1941 walikuwamo vijana kutoka Ukambani, Nyanza na Bonde la Ufa, askari wa rejimenti ya King's African Rifles, ambayo wenyeji wa Afrika Mashariki waliiita Keya. Mfalme amepewa barabara. Askari waliomsafishia njia hawajulikani hata kwa majina.

Chini ya kilima hicho, katika Barabara ya Kenyatta, ipo sanamu ya watu watatu waliosimama juu ya jukwaa la mawe. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maneno yaliyoandikwa hapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yalitungwa na Rudyard Kipling. Maneno hayo yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi: mwenye kuipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ajabu ni kwamba juu ya sanamu hiyo hakuna jina hata moja. Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Deni hili lina wadaiwa wawili. Mmoja ni serikali iliyoitoa ahadi, na huyo hutajwa mara kwa mara. Wa pili ni hao wana waliotarajiwa kukumbuka, na huyo aghalabu husahaulika.

Inafaa historia ya rejimenti hii ielezwe kwa muhtasari ili uzito wa deni uonekane. Keya iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwa vikitumikia makoloni ya Waingereza katika Nyasaland, Kenya, Uganda na Somalia. Vikosi vya kwanza vilikuwa sita. Wengi wa askari wa mwanzo walikuwa Wasudani waliotoka katika majeshi ya Misri, na ndio waliokuja na vyeo vya ombashi, shaushi na efendi. Maneno hayo yalitoka Uturuki, yakapita Misri na Sudan, yakaingia katika Kiswahili kwa mlango wa kambi.

Vita vya mwaka wa 1914 vilipozuka, rejimenti hiyo ilikuwa ndogo. Kufikia mwaka wa 1918 ilikuwa na batalioni 22 na askari zaidi ya 30,000. Vita dhidi ya jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, vilivyoanzia mpakani mwa Kenya na kumalizikia Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, vilipiganwa kwa sehemu kubwa na Waafrika dhidi ya Waafrika. Vita vya panzi, neema ya kunguru. Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi kadhaa, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu, wakibeba risasi na unga katika nchi zisizo na barabara wala reli. Makadirio ya wanahistoria kuhusu wapagazi waliokufa upande wa Waingereza yanafikia 90,000 na zaidi. Wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Mitaa ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao, ila majina yao wenyewe hayamo.

Kutokuwapo kwa majina hayo hakukuwa bahati mbaya. Mwezi wa Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilichapisha ripoti kuhusu namna ilivyowakumbuka wafu wake baada ya vita vya kwanza. Ripoti hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Wakati kila askari wa Kizungu alipotafutiwa kaburi na jiwe lenye jina, maafisa wa koloni waliona kwamba Mwafrika angetoshwa na sanamu moja kwa wote. Ubaguzi uliomfuata askari akiwa hai ulimfuata hadi mavumbini.

Vita vya Pili vilileta mabadiliko kiasi. Ukiifuata Barabara ya Ngong kutoka Upper Hill kuelekea magharibi, utafika katika makaburi ya vita ambako Waafrika wa vita hivyo wamelazwa chini ya mawe yaliyochorwa majina. Keya ilipigana Somalia na Uhabeshi mwaka wa 1940 na 1941, ikapelekwa Madagaska mwaka wa 1942, kisha Burma. Huko Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya mwaka wa 1944, ikapambana na Wajapani na magonjwa hadi mto Chindwin. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi walikuta nini? Walowezi wa Kizungu waliowahi kuwa wanajeshi walipewa mashamba baada ya vita vya kwanza, na mpango wa namna hiyo ukarudiwa baada ya vita vya pili. Mwafrika aliyelala nao katika handaki moja hakugawiwa shamba katika nyanda hizo. Hata bakshishi ya kuagwa ilipimwa kwa rangi ya ngozi: nyaraka zilizotangazwa mwaka wa 2019 zilionyesha kwamba askari Mwafrika wa vita vya pili alilipwa takriban theluthi moja ya alicholipwa Mzungu wa cheo kile kile. Mambo hayakuwa tofauti kwingineko. Vikosi vya tirailleurs ambavyo Ufaransa iliviandikisha Aljeria, Tunisia na Moroko vilirudi na bendera zilizojaa nishani, lakini makoloni yalipopata uhuru pensheni za askari hao zilisimamishwa pale pale zilipokuwa, huku za wenzao Wafaransa zikipanda. Ilibidi filamu ya Indigènes ioneshwe mwaka wa 2006 ndipo serikali ya Ufaransa ianze kurekebisha dhuluma hiyo, na mwaka wa 2010 Baraza la Katiba la nchi hiyo likazibatilisha sheria zilizoihalalisha. Kuisifu bendera ya kikosi ni jambo jepesi. Kumlipa aliyeibeba ndiko kunakopima ukweli wa sifa hizo.

Hapana budi kulikabili swali zito linaloulizwa na wengi: kwa nini Mwafrika huru awakumbuke watu waliokuwa mtutu wa mkoloni? Swali hili lina haki yake. Askari wa Keya ndio waliotumwa dhidi ya Wanandi mwaka wa 1905, na dhidi ya Wagiriama mwaka wa 1914. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka wa 1952, batalioni za Keya ziliingizwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Mwezi wa Juni 1953, askari wa batalioni ya tano waliwaua zaidi ya watu 20 wasio na hatia huko Chuka. Hakuna sanamu inayoweza kuyafunika hayo, wala haifai yafunikwe.

Hata hivyo, rejimenti hiyo hiyo ndiyo iliyomfunza Waruhiu Itote kupigana msituni huko Burma, naye akageuka kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Kambi ilizaa mtumishi wa dola na ikamzaa mpinzani wa dola. Katika familia moja angeweza kupatikana kaka aliyevaa sare na mdogo wake aliyeingia msituni. Mwezi wa Novemba 2023, Mfalme Charles alipozuru Nairobi, wazee wachache waliopigana Vita vya Pili walikabidhiwa nishani mpya mahali pa zile walizozitupa miaka ya hamsini kwa kuhofia kuuawa. Mzee aliyeishi miaka sabini akiificha historia yake si msaliti wala si shujaa wa hadithi. Ni mtu aliyewekwa kati ya nyundo na fuawe. Kumkumbuka si kumtukuza, na hata anayemhesabu kuwa adui ana usemi wa kumwongoza: Mgala muue na haki yake umpe.

Wapo wasioweza kuisahau historia hii hata wakitaka. Kusini-magharibi mwa Upper Hill ipo Kibera, ambayo Wanubi huiita Kibra. Ardhi hiyo walipewa askari wa Kisudani wa Keya tangu mwaka wa 1904, na mwaka wa 1918 ikatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi yenye zaidi ya ekari 4,000. Hawakupewa hati. Wajukuu wa askari hao waliendelea kuitwa wageni katika nchi waliyozaliwa, hadi kamati ya Afrika inayolinda haki za watoto ikaamua mwaka wa 2011 kwamba watoto wa Kinubi walikuwa wakinyimwa haki ya uraia. Mwaka wa 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288 tu. Hapa kusahau si suala la vitabu. Babu asipoandikwa, mjukuu hudaiwa ushahidi kwamba ni mtu wa nchi hii.

Je, wapenzi wa Kiswahili wanahusika vipi? Wanahusika kuliko wanavyodhani. Katika batalioni za Kenya, Uganda na Tanganyika, Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, ya mafunzo na ya gumzo la jioni. Ilichipuka huko lahaja ya kambini iliyoitwa KiKAR, yenye upatanisho wa kisarufi uliopunguzwa na msamiati uliookotwa kutoka pande nyingi. Wasanifishaji waliidharau, na wanafunzi wengi wa isimu hupita juu yake kana kwamba ni uchafu wa lugha. Lakini askari Mkamba alizungumza na askari Mganda kwa lugha hiyo chini ya mvua ya Burma, na waliporudi makwao walirudi nayo katika vijiji ambavyo Kiswahili kilikuwa hakijafika. Chuo kikuu kinachofundisha kuenea kwa Kiswahili kwa kutaja misafara ya wafanyabiashara na wamisionari pekee kinafundisha nusu ya habari.

Kazi iliyopo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, kinasa sauti na moyo. Waliopigana vita vya pili wamekaribia kwisha, lakini wajane, watoto na wajukuu wangalipo. Katika masanduku yao mna vyeti vya kuachishwa jeshi, barua na picha, na katika vinywa vyao mna nyimbo za kwata na majina ya wenzi ambao hawakurudi. Kila chama cha Kiswahili kinaweza kuwapa wanachama wake zoezi moja la likizo: kila mmoja arudi na jina moja la askari au mpagazi wa kijiji chake, mahali alikopelekwa na maneno aliyorudi nayo. Majina hayo yalinganishwe na kumbukumbu zilizomo katika Nyaraka za Taifa, kisha yachapishwe kwa Kiswahili.

Uingereza, ambayo ubalozi wake umo humo humo Upper Hill, ilieleza majuto yake kwa wahanga wa hali ya hatari mwezi wa Juni 2013 baada ya kushtakiwa mahakamani, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9. Somo lililopo ni kwamba mdai asiye na ushahidi hasikilizwi, na ushahidi huanza na jina. Serikali za Afrika Mashariki nazo haziwezi kudai heshima ya wafu ambao hazijawahi kuwahesabu.

Maneno ya sanamu ya Barabara ya Kenyatta yalitungwa na mtu aliyeutukuza ukoloni, yakachongwa na dola iliyojua kwamba majina haikuyaandika. Lakini hayakusema kwamba mfalme atakumbuka, wala kwamba gavana atakumbuka. Yalisema wana watakumbuka. Wana hao wapo, wanasoma na wanaandika, na lugha ya babu zao wanaimiliki.