Avansi hairudishwi: nani aliweka sheria hiyo?

Picha ya friji inapita kwenye status ya WhatsApp Jumatatu asubuhi. Bei ni dola 240: nusu inalipwa mbele, nusu mzigo ukifika. Mnunuzi wa Kasenga anatuma dola 120 kwa simu, anapata meseji ya kuthibitisha, anaambiwa asubiri siku kumi. Siku ya nne mtoto anaumwa, au mshahara unachelewa, au friji ya namna ileile inaonekana kwa dola 200 katika butiki ya jirani. Anaandika: "Samahani, naomba kufuta komande, munirudishie makuta yangu." Jibu ni fupi: avansi hairudishwi.

Mara nyingi maneno hayo mawili yanasemwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hayakuwa chini ya picha, hayakuwa ndani ya mazungumzo ya bei, hayakuwa kwenye risiti, kwa sababu risiti yenyewe haikuwapo. Yanatokea pale tu mteja anapotaka kutoka. Sheria inayotangazwa baada ya makuta kupokelewa haiwezi kuitwa sheria ya biashara. Ni matakwa ya upande mmoja.

Friji hiyo ni mfano tu, lakini jambo lenyewe linajulikana Uvira nzima, kutoka Kavimvira hadi Kalundu. Leo simu, nywele za bandia, vitenge, paneli za sola, viatu vya watoto na hata injini za mitumbwi vinanunuliwa kwa picha. Mizigo mingine inatoka Bujumbura kupitia mpaka wa Kavimvira. Mingine inapakiwa Kigoma na kuvuka ziwa hadi bandari ya Kalundu. Mingine inaanzia mbali zaidi, Dubai au China, na kupita Dar es Salaam. Wauzaji wengi hawana duka: duka lao ni simu, na mtaji wao ni mkopo wa AVEC wa dola mia moja au mia mbili. Wengi wao ni akina mama na vijana waliomaliza masomo bila kupata kazi. Hii inapaswa kusemwa mapema, kwa sababu ugomvi wa avansi si wa tajiri na maskini. Kwa kawaida ni wa watu wawili ambao kila mmoja hana dola 120 za kupoteza.

Ndiyo maana swali la haki halijibiwi kwa kelele. Linajibiwa kwa kuuliza jambo moja: siku mteja alipofuta komande, muuzaji alikuwa ameisha fanya nini?

Ikiwa friji iko tayari Uvira, ndani ya depo ya muuzaji, na haijapandishwa hata kwenye mkokoteni, muuzaji hajapoteza kitu. Friji ni yake bado, kesho atamuuzia mwingine. Hapa kushika dola 120 ni kuchukua makuta ya bure. Anachoweza kudai ni gharama ya kutuma na kutoa makuta kwa simu, basi.

Ikiwa muuzaji hana mzigo, na alikuwa anangojea avansi ili aagize, kila kitu kinategemea siku. Aliyepokea makuta Jumatatu na hajamlipa mtu yeyote hadi Alhamisi yuko katika hali ileile ya yule wa kwanza: makuta ya mteja yamelala mkononi mwake. Lakini aliyetuma makuta hayo Bujumbura saa ileile, akalipia nafasi katika gari, ameingia gharama kwa ajili ya mteja huyu. Ana haki ya kuzikata. Kuzikata, si kuzitaja tu. Aonyeshe meseji ya malipo, aonyeshe karatasi ya ajansi ya usafirishaji, halafu kinachobaki kirudi. Muuzaji anayesema "nimeisha lipa kule" bila kuonyesha hata kipande cha karatasi anamtaka mteja aamini neno lake peke yake, na yeye huyo ndiye anayefaidika na neno hilo.

Kuna pia komande ya kitu kilichotengenezwa kwa kipimo cha mtu: shati lililokwisha kukatwa, kitanda cha mbao, keki yenye jina la bibi harusi. Hapo mteja asitegemee mengi. Hakuna mwingine atakayenunua keki hiyo.

Sheria ya Kongo inasema nini? Msingi wake ni wa zamani sana: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo mpaka leo ndiyo kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia. Ibara yake ya 33 inasema kwamba mapatano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa wale walioyafunga. Muuzaji anaipenda ibara hiyo, na kwa sehemu ana haki: watu wakiisha patana juu ya kitu na bei, uuzaji umefungwa, hata kama mzigo haujafika. Kubadili mawazo peke yake si sababu kubwa mbele ya sheria ya 1888. Lakini ibara hiyo ina ncha mbili. Kama mapatano ndiyo sheria, basi kile ambacho hakikupatanwa si sheria. "Avansi hairudishwi" iliyosemwa siku ya nne haikuwa ndani ya mapatano ya siku ya kwanza. Na tarehe ya kufikisha mzigo, ikiwa iliandikwa, nayo ni mapatano: muuzaji akiipita, mteja ndiye anayeweza kuomba mkataba uvunjwe na adai hasara yake.

Neno avansi lenyewe linaficha mambo mawili. Katika mapokeo ya sheria ya Kifaransa na ya Kibelgiji, ambako sheria ya Kongo imetoka, kuna makuta yanayotolewa kama dhamana ya kujiondoa: mnunuzi akijitoa anayapoteza, lakini muuzaji akijitoa anarudisha mara mbili. Na kuna makuta ambayo ni sehemu tu ya bei, yaliyolipwa mapema. Wauzaji wengi wanataka faida ya aina ya kwanza bila mzigo wake. Hakuna anayeandika: "Nikikosa kuleta friji nitakurudishia dola 240." Asiyekubali upande huo wa pili asidai ule wa kwanza.

Miaka ya karibuni kuna kitu kipya. Tarehe 13 Machi 2023 Rais alitia sahihi sheria-amri namba 23/010, ile inayoitwa Code ya numeriki. Imeweka biashara ya elektroniki chini ya sheria, na imeyapa maandishi ya elektroniki nguvu ya ushahidi kama karatasi, mradi ijulikane nani ameyaandika na kwamba hayakubadilishwa. Kwa mtu wa Kasenga hii ni habari kubwa kuliko inavyoonekana. Mazungumzo ya WhatsApp, meseji ya malipo, sauti iliyorekodiwa yenye bei na tarehe: vyote hivyo si maneno ya hewa tena. Kosa ni kuvifuta. Mteja anayesafisha simu yake ili apate nafasi ya video anatupa mkataba wake. Ni kweli pia kwamba sheria hiyo ni ndefu, imeandikwa kwa Kifaransa, na si kitabu kinachokutwa juu ya meza ya butiki.

Majirani na walio mbali wamekwenda hatua zaidi. Kenya, katika sheria yake ya kulinda walaji ya mwaka 2012, inampa mnunuzi wa mtandaoni haki ya kufuta mkataba ikiwa muuzaji hakumweleza mambo ya lazima au hakumpa nakala. Afrika Kusini, tangu 2002, inataka komande ya mtandaoni itimizwe ndani ya siku 30 kama hakuna mapatano mengine, la sivyo mnunuzi anaweza kujiondoa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mnunuzi ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na siku hizo zinahesabiwa tangu mzigo umfikie. Kabla haujafika anaweza kujiondoa vilevile, na vitu vilivyotengenezwa kwa kipimo chake havimo. Ndugu walio Ubelgiji au Ufaransa wanaijua haki hiyo na wanashangaa wakisikia ya Uvira. Lakini kule nyuma ya haki kuna makampuni yenye madepo na bima. Kumwambia mama mwenye mtaji wa dola 150 angoje siku 14 baada ya kufikisha mzigo ni kumfungia biashara. Uvira inahitaji kanuni ndogo kuliko hiyo, yenye kuheshimiwa kweli.

Wateja nao wana lao, na wauzaji wanalisema kwa uchungu. Mtu anaagiza, anahakikisha mara mbili, motari anapanda na koli hadi juu kule kwenye nyumba za mlimani, na simu imezimwa. Mwingine anaagiza kitu kimoja kwa wauzaji watatu ili achukue cha kwanza kufika. Muuzaji anamlipa motari kwa safari ya bure na koli inarudi na vumbi. Avansi ilizaliwa kutokana na tabia hiyo. Kufuta komande ni haki inayokuja na wajibu wa kusema mapema, kwa maandishi, kabla mzigo haujaondoka. Aliyezima simu hajafuta komande. Amemkimbia mtu, na gharama ya motari inamhusu.

Kuna pia hesabu ya makuta yenyewe. Mteja alituma dola, anarudishiwa faranga kwa kiwango alichochagua muuzaji. Mwaka 2025 faranga ilipopanda thamani mbele ya dola, wengi waliona jinsi kiwango kinavyoweza kula sehemu ya makuta ndani ya siku chache. Kilichopokelewa kwa dola kirudi kwa dola. Vilevile, makuta yaliyotumwa kwa namba ya mtu binafsi ni magumu kuyarudisha bila ridhaa ya mpokeaji. Kampuni ya simu haitaamua nani mwenye haki juu ya friji. Afadhali kulipa kwa namba ya biashara iliyo na jina, na afadhali zaidi kulipa sehemu ndogo mbele na kubwa mzigo ukiwa mbele ya macho.

Vita imeongeza giza. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, njia za mizigo katika Kivu Kusini zimekuwa za kubahatisha. Muuzaji ambaye koli yake imekwama kwa sababu ya mapigano au mpaka uliofungwa hana kosa, na hapaswi kutozwa faini. Lakini kutokuwa na kosa hakumpi haki ya kukaa na makuta ya mtu miezi sita. Ama mteja anakubali kungoja, kwa maandishi, ama mzigo ukiachiwa unakuwa wa muuzaji na mteja anarudishiwa kidogokidogo.

Kinachofanyika sasa ni kukimbilia polisi. Mteja aliyekasirika anapeleka malalamiko ya utapeli, muuzaji anaitwa, pande zote mbili zinatoa makuta ya "karatasi", na jioni dola 120 zimegawanyika bila friji na bila avansi. Utapeli ni kosa la jinai, ndiyo, na yule aliyetangaza friji ambayo haikuwapo kamwe anastahili parke. Lakini muuzaji halali anayebishana juu ya gharama ni mdaiwa, na deni ni jambo la kiraia. Mahali pake ni kwa chefu wa kartie kwanza, kwa upatanisho, halafu tribinali ya amani. COMESA, ambayo Kongo ni mwanachama, ina tume yake huko Lilongwe inayoshughulikia pia walaji, lakini hakuna atakayekwenda Malawi kwa ajili ya viatu. Na mteja asikubali kutupwa kwa "bosi wa Bujumbura" au "ajansi ya Kigoma": aliyepokea makuta Uvira ndiye anayejibu Uvira.

Jambo linaloweza kufanyika bila kungoja Kinshasa ni dogo. FEC ya Uvira, ofisi ya meya na wauzaji wa mtandaoni wenyewe wakae siku moja na kukubaliana juu ya mistari michache, kwa Kiswahili na Kifaransa, itakayobandikwa chini ya kila picha: komande ikifutwa kabla muuzaji hajalipia mzigo, avansi yote inarudi ndani ya siku tatu, isipokuwa gharama ya kutuma makuta; ikifutwa baada ya hapo, gharama zinakatwa kwa risiti; tarehe ya kufika ikipita bila mapatano mapya, mteja anarudishiwa yote. Muuzaji atakayeandika hivyo atapata wateja ambao leo wanaogopa kutuma hata dola 10. Komande huwa nyingi kabla ya watoto kurudi shuleni mwezi wa tisa, na tena kuelekea Noeli. Karatasi hiyo inaweza kuwa tayari kabla ya msimu unaokuja.