Karasha zisogezwe mbali na nyumba za watu

Karasha ni pipa la chuma lililojaa gololi nzito, linalozungushwa kwa injini. Mawe huingia yakiwa kokoto na kutoka yakiwa unga laini. Kwa wachimbaji wadogo wa Buhemba wilayani Butiama, au Kinyambwiga wilayani Bunda, mkoani Mara, dhahabu haipatikani bila mawe kusagwa. Zebaki inayotumiwa kunasa dhahabu imepigiwa kelele nyingi, tena kwa haki. Vumbi la unga ule limesahaulika.

Mwamba wa dhahabu mara nyingine huwa na galena, jiwe lenye madini ya risasi. Ni la kijivu, linang'aa, likipigwa hupasuka vipande vya pembe mraba, na uzito wake humshangaza anayelishika. Kule Mpanda, magharibi mwa Tanzania, walilichimba kwa makusudi: reli kutoka Kaliua ilijengwa hadi huko kwa ajili ya mgodi wa Uruwira, uliotoa risasi na dhahabu pamoja hadi ulipofungwa mwaka 1960.

  Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliondoa risasi kwenye petroli kufikia 2006, kwa kuwa hudumaza ubongo wa mtoto na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama.

Yaliyotokea Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 yanatisha. Wanakijiji walisaga mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi majumbani, wengine kwa mashine za kusagia nafaka. Vumbi likatua uani, kwenye vyombo na mikononi mwa watoto wanaotambaa. Watoto zaidi ya 400 walikufa.

Hiyo haina maana kwamba mawe ya Mara yana sumu ile. Lakini kusubiri watoto waugue ndipo mawe yapimwe ni uzembe usiosameheka. Wenye karasha watalalamika kwamba karasha zikisogezwa mbali na nyumba, mawe yataibwa. Hoja hiyo ina uzito, na dawa yake ni eneo moja la kusagia lenye uzio, maji na mlinzi, ambalo serikali ya kijiji ina uwezo wa kulitenga.

Ofisi ya madini mjini Musoma ianze na sampuli za mawe na udongo kutoka kila eneo lenye karasha, kisha majibu yabandikwe kwenye ofisi za vijiji, wazazi wayasome.