Mpe Mtoto Hadithi, Naye Atakupa Yake

Kila mwisho wa mwezi mzazi hujiuliza: nikishalipa kodi ya nyumba, nikishanunua unga, sukari na sare ya shule, je, kitabu cha hadithi nacho kina nafasi? Wengi wetu hujibu kwamba hakina. Daftari ni lazima, kitabu cha hesabu ni lazima, lakini hadithi ni mchezo, na mchezo unaweza kungoja. Leo hatuna budi kulitazama jibu hilo kwa makini, maana gharama yake hudaiwa baadaye, na anayelipa ni mtoto.

Tuanzie Mkoa wa Mara, ambako jambo hili lina historia. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma, ikaamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule awe amepata nafasi. Wakati huo shule zetu za msingi zilikuwa na wanafunzi wapatao 1,200,000. Kufikia mwaka 1980 walizidi 3,000,000. Ilikuwa kazi kubwa kwelikweli. Lakini madawati yalijaa upesi kuliko makabati ya vitabu. Katika miaka ya 1980 karatasi iliadimika, na hata vitabu vya kiada vikawa haba. Vitabu vya hadithi vilibaki nyuma ya vyote.

Mtoto aliyejifunza kusoma kwa ubao peke yake aghalabu hutamka silabi zote sawasawa, lakini ukimwuliza amesoma nini, hunyamaza. Sasa mfikirie mtoto wa Buswahili, wilayani Butiama. Jina la mahali lisitudanganye. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mara, mtoto huingia darasa la kwanza akiwa na lugha ya mama yake, na Kiswahili hukikuta shuleni. Kwake kitabu chenye picha ni daraja: picha humweleza jambo analolijua, na maneno yaliyo chini yake humfundisha namna ya kulisema. Nasi wa mjini tusijione tumesalimika. Mtoto wetu anakijua Kiswahili cha kusema, lakini Kiswahili cha kuandika ni kitu kingine, nacho hakipatikani uwanjani.

Ni uhaba huo uliozaa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa wa busara. Mwandishi alipeleka mswada, mswada ukachambuliwa, na mchapishaji alipokwisha kuuchapa, Mradi ulinunua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni na katika maktaba. Zilizosalia mchapishaji aliziuza mwenyewe. Hivyo hakuogopa hasara, na mwandishi wa Kitanzania akapata mlango wa kupitia. Mradi uliendesha pia mafunzo ya waandishi na wachoraji, na ukawafundisha walimu namna ya kuvitumia vitabu hivyo darasani. Hili la mwisho ndilo linalotuhusu sana sisi wazazi, maana kitabu kilichofungiwa kabatini kwa kuogopa kuchafuka hakina tofauti na tofali.

Basi kitumieje kitabu kimoja nyumbani? Kwanza, msomee mtoto kwa sauti, au akusomee yeye, na kabla ya kufunua ukurasa mwulize anadhani nini kitafuata. Hapo atalazimika kufikiri wala si kutamka tu. Pili, mkimaliza, mwambie aibadili hadithi: sungura huyu angefika mwalo wa Musoma, angemdanganya nani? Tatu, chukua karatasi nne, zikunje katikati, zishone kwa uzi, umpe kalamu. Aandike hadithi yake, aichore, na jina lake liwe juu ya jalada. Nne, usikimbilie kusahihisha. Soma kwanza, cheka panapochekesha, uliza pasipoeleweka. Tahajia itafuata siku nyingine. Mtoto anayepokewa kwa kalamu nyekundu hujifunza kuandika machache ili akosee machache.

Akikosa la kuandika, mpeleke kwa bibi yake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho jirani na Bunda, aliyakusanya maisha na masimulizi ya wazee wake katika kitabu alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Kilichapwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Tazama muda uliopita! Ni hazina ngapi za namna hiyo zimezikwa pamoja na wenyewe kwa sababu mjukuu hakuwa na daftari? Wala mtoto aliyechelewa asikatiwe tamaa. Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kuja kuanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kama 12. Katika miaka ya 1960 alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili.

Najua utasema, ndugu yangu, kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli. Lakini majirani watatu wakinunua kitabu kimoja kimoja, kila nyumba ina vitabu vitatu. Maktaba ya mkoa nayo isiachiwe wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa mitihani. Mpeleke mdogo Jumamosi, umwoneshe rafu ya watoto. 

Mtoto anayemaliza darasa la saba bila kuwahi kusoma kitu kwa kupenda mwenyewe, huufunga usomaji siku ile ile anayokabidhi karatasi ya mtihani. Baada ya miaka michache barua ya kazi atasomewa na mwenziwe, na mkataba atautia sahihi bila kuuelewa. Kwa hiyo mwezi huu, utakapopanga matumizi, liandike jina la kitabu kimoja cha hadithi chini ya sukari na sabuni. Na mtoto akikuletea kijitabu chake kilichoshonwa kwa uzi, weka gazeti hili chini, umsome yeye kwanza.